Moshi na vumbi la nchi jirani likitua Ziwa Victoria: tupime nini, wapi, na kwa vifaa gani?

Mwaloni2

Wakuu, naomba msaada wa wanaoijua kazi hii. Kuna mpango wa mwaka mmoja wa vituo vitatu: Mwanza mjini, kisiwa cha Ukerewe, na Kalangala, visiwani upande wa Uganda. Lengo ni kujua moshi na vumbi linalovuka mipaka linaingiza naitrojeni na fosforasi kiasi gani ziwani, na kama ubora wa maji unabadilika kwa sababu hiyo.

Rasimu inasema hivi: ndoo ya wazi kila kituo, sampuli ya mvua ichukuliwe mara moja kwa mwezi, maji ya ziwa yachotwe mita 200 kutoka ufukweni siku hiyohiyo, halafu grafu mbili zilinganishwe. Bajeti inatosha kununua kifaa kimoja tu kinachofunguka chenyewe mvua inapoanza. Je, mpango huu utasimama? Utaangukia wapi? Naomba majibu yenye vipimo.

kinga_mvua

Mkuu, usipeleke rasimu hiyo ilivyo. Ndoo ya wazi ikikaa mwezi mzima kwenye joto la nyuzi 28, utakachopeleka maabara hakitakuwa mvua tena. Bakteria hula amoniamu ndani ya siku chache, mwani huota ndani ya chupa, na fosfeti iliyoyeyuka huhamia kwenye mwani na kuganda ukutani. Kwenye karatasi utaona namba ndogo na kudhani hewa ni safi.

Tenganisha mvua na vumbi kavu. Kwa mvua, tumia faneli ya plastiki aina ya polyethylene yenye kipenyo cha sm 16. Eneo lake ni sm² 201, kwa hiyo kila milimita moja ya mvua inakupa ml 20, na mvua ya mm 50 inajaza lita moja. Faneli ya sm 20 inapendeza dukani, lakini mvua moja ya masika ya mm 40 inakupa lita 1.25 na chupa ya lita moja inafurika. Chupa ikifurika umepoteza sampuli, kwa sababu maji ya mwanzo wa mvua ndiyo yenye uchafu mwingi na huwezi tena kujua yalichanganyika kwa uwiano gani. Weka chupa ya lita 2 au zaidi ukiwa na wasiwasi.

Mdomo wa faneli uwe mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini ili matone yanayoruka kutoka kwenye udongo yasifike. Mti au ukuta wowote uwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake. Usiweke juu ya paa. Chupa iingie ndani ya bomba la PVC lililopakwa rangi nyeupe, gizani. Pembeni weka kipimamvua cha kawaida. Ukilinganisha ujazo wa chupa na milimita za kipimamvua na tofauti ikazidi asilimia 20, kuna kitu: faneli imeziba, imeinama, au mtu amemwaga.

Sampuli ichukuliwe kila mvua au kila siku asubuhi, na ikishindikana kabisa, kila wiki. Ya wiki iwekewe thymol, kemikali ya kuzuia bakteria, takriban gramu 0.4 kwa lita, kisha iende kwenye friza. Usitie asidi ya salfuriki kwenye chupa ambayo utapimia salfeti. Linaonekana ni jambo dogo, lakini linaua takwimu za mwaka mzima.

Vumbi kavu ndilo gumu zaidi, na kwa fosforasi ndilo lenye uzito. Ndoo kavu haifai, kwa kuwa upepo huyapeperusha tena yaliyotua, wakati ziwa halirudishi kitu. Tumia ndoo yenye maji yasiyo na madini. Hapa wengi hukosea hesabu: ndoo ya kipenyo cha sm 28 ina eneo la sm² 616, na ukitia lita 2 kina ni sm 3.2 tu. Maji yakipungua mm 5 kwa siku kwa jua, siku ya saba ndoo imekauka. Tia lita 4, ndoo iwe na kina kisichopungua sm 25, ifunikwe mvua inaponyesha. Siku ya kukusanya sugua kuta kwa kijiko cha mpira, pima ujazo uliobaki, tikisa, na upime fosforasi yote bila kuchuja.

Jambo la mwisho, nalo ni la ziwa letu hasa: wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama wingu la moshi. Wakitua kwenye ndoo wanaleta fosforasi iliyotoka ziwani humohumo, halafu wewe unaiandika kama mzigo wa hewa. Wavu wa nailoni wa mm 1 unawazuia, lakini wakifia juu ya wavu, mvua inawaosha na juisi yao inaingia. Kwa hiyo wavu ubadilishwe kila siku msimu wao, na sampuli yenye wadudu itiwe alama kwenye daftari. Juu ya ukingo weka miiba ya plastiki kuzuia ndege. Ukiona fosfeti, amoniamu na potasiamu zimepanda pamoja huku kalsiamu, naitreti na salfeti zimetulia, hicho ni kinyesi cha ndege, itupe.

limno_Jinja

Nakubaliana na yote hapo juu. Mimi nigusie upande wa maji, kwa sababu hapo ndipo rasimu ina kosa kubwa zaidi: kulinganisha grafu mbili.

Fikirini hesabu hii. Ziwa lina ukubwa wa km² 68,800 na kina cha wastani cha mita 40. Tuseme fosforasi yote kwenye maji ni mikrogramu 80 kwa lita. Chini ya kila mita moja ya mraba kuna miligramu 3,200 za fosforasi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2005 kutokana na vipimo vya upande wa Tanzania yaliweka mzigo wa hewa kwenye takriban tani 13,500 kwa mwaka, zaidi ya nusu ya fosforasi yote inayoingia ziwani. Gawanya kwa eneo: karibu mg 200 kwa mita ya mraba kwa mwaka. Ni mzigo mkubwa sana kwa afya ya ziwa kwa miaka mingi, lakini ni kama asilimia 6 tu ya akiba iliyomo majini. Hakuna grafu ya mwaka mmoja itakayoonyesha asilimia 6 juu ya mabadiliko ya kawaida ya ziwa.

Kuna mtego mwingine mbaya kuliko huo. Juni hadi Agosti, upepo wa kusi hupoza maji ya juu, tabaka huvunjika, na ziwa hujichanganya hadi chini. Fosforasi iliyokuwa imekaa kwenye maji ya kina yasiyo na oksijeni hupanda juu. Miezi hiyohiyo ndiyo ya moto wa nyika na moshi. Kwa hiyo mtaona moshi umepanda, fosforasi imepanda, na mtaandika kwamba moshi umeleta fosforasi, kumbe imetoka chini ya ziwa. Mtu yeyote anayelijua ziwa atauangusha ushahidi wenu kwa sentensi moja.

Na mita 200 kutoka ufukweni Mwanza mnapima jiji: maji taka, mito, samadi. Ghuba haiwezi kuwaeleza habari za hewa.

Kinachowezekana ni kupima mzigo wenyewe unaoingia, yaani miligramu kwa mita ya mraba, kisha kuuweka kwenye hesabu ya mapato na matumizi ya ziwa. Maji ya ziwa yapimwe kwa ajili ya kumbukumbu ya muda mrefu, kituo kiwe maji ya wazi, kwa tabaka: juu, mita 5, 10, 20, 40 na mita moja juu ya tope. Kila safari pimeni joto na oksijeni kwa kina, kisahani cheupe cha kupimia uangavu wa maji, klorofili, fosforasi yote, naitrojeni yote na silika. Bila joto kwa kina hamtajua kama ziwa lilikuwa na tabaka au limechanganyika, na namba zingine zote zinapoteza maana.

Msisahau pia kwa nini ziwa hili linabeba mzigo wa hewa kuliko mengine: zaidi ya asilimia 80 ya maji yake yanatoka kwenye mvua inayolinyeshea moja kwa moja, si mitoni. Mvua ikichafuka, hakuna udongo wala kinamasi cha kuichuja kabla haijafika. Mafunjo ya ukingoni ambayo tunapigania yasikatwe husaidia kwa mito. Kwa mvua hayana msaada.

Mwaloni2

Asanteni sana, hili la kujichanganya kwa ziwa halikuwa kwenye rasimu kabisa. Sasa, tukishapata mzigo, tutajuaje kwamba umevuka mpaka na si wa jikoni na barabara za hapahapa? Na je, tupime asidi?

kusi_na_kaskazi

Mzigo mmoja hausemi umetoka wapi. Unahitaji vitu vitatu vikubaliane: njia ya upepo, ramani ya moto, na alama za kemia.

Njia ya upepo unaichora kwa HYSPLIT, programu ya NOAA (idara ya bahari na hewa ya Marekani) inayotumika bure mtandaoni. Kwa kila sampuli, rudisha hewa nyuma saa 120, kuanzia urefu wa mita 500, 1,000 na 1,500, na urudie kila saa 6 kwa muda wote ambao chombo kilikuwa wazi. Mstari mmoja kwa wiki nzima haufai kitu. Ndiyo maana sampuli ya mwezi haiwezi kueleza chanzo: ndani ya mwezi upepo umetoka pande zote.

Angalia pia ukubwa wa miraba ya data ya hali ya hewa. Yenye mraba wa digrii 1 ni karibu km 110, na kwa ukubwa huo upepo wa ziwani wa mchana na wa nchi kavu wa usiku haupo kabisa kwenye hesabu. Chukua ya digrii 0.25 ikiwezekana, na juu ya hapo funga kipimaupepo kituoni. Kama upepo ulitoka mjini wakati vumbi linatua, sampuli ni ya mjini hata kama HYSPLIT inakuonyesha Sudan Kusini.

Moto unaupata kwenye FIRMS, ramani ya moto ya NASA: vihisi vya setilaiti vya VIIRS huonyesha moto kwa vipande vya mita 375, vya MODIS kwa kilomita 1. Desemba hadi Februari moto uko kaskazini, Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati na kaskazini mwa Uganda, na kaskazi inavuma. Juni hadi Septemba uko kusini: Angola, kusini mwa Kongo, Zambia na Tanzania yenyewe. Naomba hapa tuwe wakweli. Kusi mara nyingi hupita juu ya Tanzania kabla ya kufika ziwani. Moshi utakaopimwa Kalangala mwezi Agosti unaweza kuwa wa Tabora au Katavi. Kwa Uganda huo ndio uchafu unaovuka mpaka, na nchi jirani inayoutuma ni sisi. Mpango ukianza na dhana kwamba uchafu huja tu, hauendi, Kalangala itawapa majibu msiyoyatarajia.

Kwa kemia: potasiamu ikipanda pamoja na naitreti na asidi za fomiki na asetiki, ni moshi wa kuni, nyasi au msitu. Kama maabara inaweza kupima levoglukosani ni bora zaidi, maana hiyo hutokana na selulosi ikiungua tu. Kalsiamu ikiongoza, ni vumbi la udongo au barabara. Tatizo ni kwamba mkaa wa jikoni na moto wa nyika vinafanana sana kikemia. Tofauti utaipata kwa mahali: kitu kikipanda Mwanza peke yake ni cha Mwanza. Kikipanda Mwanza, Ukerewe na Kalangala wiki moja, kimetoka mbali.

Hilo pia linagusa ile tani 13,500. Vituo vya pwani hukamata vumbi zito la barabarani ambalo huanguka ndani ya kilomita chache. Ukichukua namba ya pwani na kuizidisha kwa eneo lote la ziwa, unakuza mzigo kupita ukweli. Visiwa ndivyo vitakavyowaambia mzigo unapungua kwa kasi gani kuelekea katikati, na kwa maoni yangu hilo ndilo swali lenye thamani kubwa kuliko yote mliyoorodhesha.

Fjord_Mpwani

Nijibu la asidi. Ulaya kazi hii ilianzia kwenye asidi. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1979 kuhusu uchafu wa hewa unaosafiri mbali na kuvuka mipaka ndio ulizaa, mwaka 1985, mpango wa ICP Waters wa kufuatilia maziwa na mito, ambao unaratibiwa na NIVA, taasisi ya utafiti wa maji, Oslo. Salfa ya viwanda vya Uingereza na bara la Ulaya ilikuwa inaua samaki kwenye maziwa ya kusini mwa Norwe. Kipimo chao kikuu si pH bali uwezo wa maji kuzima asidi: jumla ya kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na potasiamu, toa jumla ya kloridi, salfeti na naitreti, zote kwa mikroekwivalenti (kipimo cha chaji ya umeme ya chembe hizo) kwa lita. Kwa maziwa ya Norwe, kikomo kilichotumika kuwalinda samaki aina ya trauti ni 20. Chini ya hapo, aluminiamu inayotoka kwenye udongo huanza kushambulia matamvua ya samaki.

Ziwa Victoria lina akiba ya karibu 900. Haliwezi kugeuka asidi kwa mvua ya aina hii, na kutafuta asidi humo ni kupoteza fedha. Mkitaka kuona asidi Afrika Mashariki, tafuteni maji madogo juu ya miamba migumu isiyo na chokaa, kama vijiziwa vya Rwenzori kwenye mpaka wa Uganda na Kongo.

Cha kuiga kutoka ICP Waters ni nidhamu yao. Huchagua maji yasiyo na mkulima, mji wala kiwanda juu yake, ili kinachobadilika kiwe kimetoka hewani. Hupima msimu uleule kila mwaka. Norwe ilipima maziwa elfu moja mwaka 1986, ikarudia 1995, ikarudia 2019. Nguvu ya ushahidi iko kwenye kurudia huko. Na kila mwaka maabara za nchi mbalimbali hupewa maji yaleyale zipime bila kujua jibu. Kwenu kuna nchi mbili na pengine maabara mbili. Kabla ya mwezi wa kwanza, gawaneni lita 10 za mvua moja katika chupa, kila maabara ipime sampuli tano. Wakitofautiana asilimia 30 kwenye fosfeti, tofauti yoyote mtakayoiona kati ya Ukerewe na Kalangala ni ya maabara.

Kivu_Rubavu

Ndugu zangu, mnasahau volkano. Nyiragongo na Nyamulagira, juu ya Goma, hutoa gesi ya salfa kwa wingi, na upepo ukigeuka inaelekea mashariki. Mkiona salfeti imepanda Kalangala msikimbilie kulaumu kiwanda. Angalieni ramani za salfa dioksidi za setilaiti ya Sentinel-5P za siku hizo, kisha pimeni floridi na kloridi kwenye sampuli ileile. Zikipanda zote tatu, dalili ni za volkano.

Huku kwetu jambo hilo ni la afya moja kwa moja, kwa sababu watu wanakinga mvua ya paa na kuinywa. Kikomo cha WHO ni mg 1.5 za floridi kwa lita, na mvua iliyopita ndani ya moshi wa volkano inaweza kukivuka. Tahadhari ya maabara: kwenye kromatografia ya ayoni (mashine inayotenganisha chembe zenye chaji), kilele cha floridi kwenye grafu hukaribiana na cha fomiki na asetiki, na moshi una asidi hizo nyingi. Hakikisheni kwa elektrodi ya floridi pamoja na kemikali yake ya TISAB.

spektro880

Ya maabara, kwa kifupi. Vyombo vioshwe kwa asidi ya hidrokloriki asilimia 10 kisha maji yasiyo na madini mara tano. Sabuni ya unga ni marufuku, ina fosfeti. Fosforasi yote: pasha sampuli na persulfeti, nyuzi 121 kwa dakika 30, halafu pima rangi ya molibdeni ya bluu kwa mwanga wa nanomita 880 na kuveti (kijichupa cha kupitishia mwanga) ya sm 5. Kuveti ya sm 1 haioni namba za mvua safi.

Kila wiki kila kituo kiwe na sampuli tupu: maji yasiyo na madini yamwagwe kupitia faneli siku isiyo na mvua, yasafiri na kuhifadhiwa kama mengine. Angalia inavyoweza kuathiri jibu. Kwa mzigo wa mg 200 kwa mwaka, ndoo ya sm² 616 inapokea mikrogramu 237 kwa wiki. Maji yako yakiwa na mikrogramu 2 kwa lita, lita 4 zimeshaleta 8, kama asilimia 3. Lakini kisiwani mzigo ukiwa moja ya kumi ya huo, hizo 8 ni theluthi ya jibu lako.

Uwiano wa ayoni: tofauti ya chanya na hasi, gawa kwa wastani wa jumla mbili, zidisha kwa 100. Mwongozo wa WMO, Shirika la Hali ya Hewa Duniani, unakubali hadi 60 kama jumla ya zote haizidi mikroekwivalenti 50 kwa lita, 30 hadi kufikia 100, 15 hadi 500, na 10 zaidi ya hapo. Chanya zikizidi mara kwa mara, kabla ya kulaumu mashine jiulize kama fomiti na asetati zilipimwa, na kama bikaboneti ilihesabiwa. Mvua yenye pH 6.5 ina bikaboneti karibu mikroekwivalenti 20 kwa lita.

Wastani uhesabiwe kwa kuzingatia kiasi cha mvua ya kila wiki. Wiki moja mm 40 yenye mikrogramu 20 kwa lita, ya pili mm 2 yenye 200. Wastani wa kawaida unasema 110. Wa kweli ni 29, na kilichotua ni mg 1.2 kwa mita ya mraba.

Mwaloni2

Tunaandika upya. Swali la mwisho: kile kifaa kimoja kinachofunguka chenyewe kiwekwe kituo gani?

kinga_mvua

Ukerewe, mwaka mzima, bila kukihamisha. Mwanza vumbi la karibu litawazidi nguvu hata mkiwa na kifaa kizuri. Kando yake wekeni faneli ya wazi kama ile ya Mwanza na Kalangala, ili mjue faneli ya wazi inazidisha kiasi gani kisiwani kila msimu. Uwiano huo mnaweza kuupeleka Kalangala kwa tahadhari, Mwanza msiutumie. Nunueni betri ya 12V ya akiba na paneli yake. Kihisi cha mvua kifutwe kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji yasiyo na madini, kwa sababu umande wa ziwani hukidanganya na mfuniko hukaa wazi hadi jua litoke. Andikeni saa zote ambazo mfuniko ulikuwa wazi bila mvua.

limno_Jinja

Naongeza moja: vipimo vyote, Mwanza na Kalangala, viandikwe kwa mg kwa mita ya mraba na kwa tarehe zilezile za kuanza na kufunga wiki, halafu vipelekwe Kisumu kwenye Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria pamoja na daftari za uwanjani, hata zile kurasa zenye sampuli zilizotupwa.